Jodari Mfupi wa Kilo Themanini

Pale soko la samaki walimwita Mizani, na jina hilo lilimganda mpaka mumewe naye akawa analitumia siku akikasirika. Miaka kumi na moja alipima samaki nyuma ya meza ya bati, katika chumba chenye sakafu ya saruji isiyokauka hata siku moja. Wachuuzi walijua kwamba mama huyu hachezewi. Ukiweka kidole kwenye sahani ya mizani, yeye anakitazama tu hicho kidole, hasemi neno, mpaka unakiondoa mwenyewe na kujifanya ulikuwa unajikuna. Akimshika jodari mkiani aliweza kukuambia kilo zake kabla hajampandisha, na akikosea, anakosea kwa nusu kilo.

Kwa hiyo yeye ni miongoni mwa watu wa kwanza kuona kwamba samaki wanakuwa wadogo. Wavuvi wa mashua walienda mbali zaidi na kurudi na samaki ambao zamani wangewarudisha majini kwa aibu. Wakilalamika, walilalamikia meli kubwa za huko nje: nyingine hazina kibali kabisa, nyingine zina kibali lakini zinaripoti robo tu ya zilichovua, na robo tatu inahamia meli nyingine huko huko katikati ya bahari, ambako hakuna wa kuuliza.

Kisha serikali ikatunga kanuni. Kila meli kubwa iwe na kifaa cha kuonyesha ilipo, na kisizimwe hata kwa dakika moja. Samaki wasihamishwe baharini. Washushwe bandarini mbele ya mkaguzi. Na kila safari meli ichukue mwangalizi, mtu wa serikali, wa kupima na kuandika kila kinachopanda sitahani. Mwangalizi naye alipewa kifaa chake kidogo cha mawasiliano, cha kutosha mfukoni. Kila siku saa kumi alasiri atume neno moja: salama. Siku ikipita bila neno hilo, meli inaamriwa kurudi.

Mizani aliposikia wanatafutwa watu wanaojua samaki, aliomba. Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, alizima mashine yake ili amsikie vizuri.

"Mama watoto, wewe kuogelea umejifunza mwaka huu huu, tena kwenye bwawa."

"Siendi kuogelea. Naenda kuandika."

"Basi andika ukiwa umevaa jaketi," mumewe akasema, na wasichana wao wawili wakacheka, na mambo yakaishia hapo.

Safari mbili za kwanza zilikuwa za kichefuchefu na kazi ya kawaida. Ya tatu ilianza siku ya Jumatatu, kwenye meli ya kuvua kwa mishipi mirefu ya ndoana, yenye watu ishirini na wawili. Mkuu wa kitengo cha waangalizi alimsindikiza mwenyewe hadi gatini. Alikuwa mama mfupi, mnene kiasi, ambaye ofisi nzima ilimwita Shangazi ingawa hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale.

"Mwangalizi aliyekutangulia kwenye meli hii ameacha kazi," Shangazi akamwambia. "Nimempigia simu mara nne. Anasema ana shughuli zake."

"Shughuli gani?"

"Hakusema. Ndiyo maana nakuambia ukae chonjo."

Nahodha aliwapokea juu ya ngazi. Mabaharia walimwita Mpole, na kweli hakuwahi kupaza sauti. Ukitaka kumsikia ilibidi umsogelee. Pembeni yake alisimama serahangi, mkuu wa mabaharia wa sitahani, mwanamume mpana mwenye mikono ya kuvuta kamba. Serahangi alilibeba begi la Mizani bila kuombwa, akashuka nalo hadi chumbani, akaliweka kitandani taratibu.

Chumba chenyewe kilikuwa kama kabati: vitanda viwili vya kupandana, meza ya kukunja, dirisha la duara lenye kioo kinene. Mizani alipogeuka kuufunga mlango aliona matundu manne ya skrubu, safi, pale ambapo kitasa kilipaswa kuwa.

"Kiliharibika," serahangi akasema. "Fundi atakitengeneza."

Fundi hakuja siku hiyo, wala kesho yake, wala siku zilizofuata. Mizani akawa anaegemeza meza mlangoni akilala, na juu ya meza anaweka buti zake, ili zikianguka zimwamshe.

Siku za mwanzo kazi ilikwenda. Alisimama sitahani na kipimo chake na daftari, jodari wanavutwa mmoja mmoja, yeye anapima urefu, anapima uzito, anaandika. Saa kumi anatuma neno lake. Ijumaa alituma na vipimo vya wastani vya wiki, kama kanuni zinavyotaka. Hakuna aliyemkosea adabu. Ila aliona kwamba popote anapogeuka, serahangi yupo: anakunja kamba, anavuta sigara, anatazama maji. Hana hili wala lile, lakini yupo.

Siku ya nne, akiwa amelala chali kitanda cha chini, macho yake yalitua kwenye ubao wa kitanda cha juu. Kulikuwa na maandishi ya penseli, madogo, ya mtu aliyeandika akiwa amelala vilevile. *Usisimame ukingoni peke yako. Kula jikoni.*

La kwanza alilielewa mara moja. La pili lilimchukua muda kidogo. Mwenye kula jikoni anakula kutoka sufuria moja na wenzake, mbele ya watu, wala hatiliwi kitu peke yake. Akakaa kitako, mikono imebana magoti, akajaribu kujiambia kwamba labda mwenzake alikuwa mtu wa wasiwasi tu. Hakufanikiwa. Tangu siku hiyo alikula jikoni.

Mpishi alikuwa mzee wa maneno mengi, na alifurahi kupata msikilizaji. Siku ya tisa, Jumanne, alikuwa na malalamiko mapya.

"Dada, hujaiona sufuria yangu kubwa? Ile ya kupikia watu ishirini. Nimeitafuta meli nzima. Sufuria haina miguu."

"Labda umeisahau gatini."

"Jana nimepikia maharage. Ina maana nimeyapikia kwenye kofia?"

Mizani alicheka, cheko lake la kwanza kwa siku kadhaa, akapanda juu kupunga hewa. Jua lilikuwa la utosi. Aliinua macho kuelekea paa la chumba cha usukani, ambako kisanduku cheupe cha kuonyesha meli ilipo hukaa kimefungwa. Kisanduku hakikuonekana. Mahali pake palikaa sufuria kubwa, imegeuzwa kifudifudi, imekazwa kwa uzi wa kuvulia.

Kwa nukta moja alitaka kucheka tena. Kisha akaelewa. Chini ya chuma kile kisanduku kilikuwa kinaita na hakuna anayesikia. Kwa watu wa nchi kavu meli hii haikuwa mahali popote, na yeye alikuwa ndani yake.

Alitoa kamera ndogo ya kazini, akapiga picha moja.

"Unapiga mawingu, mama?" Serahangi alikuwa nyuma yake, karibu kuliko sauti yake ilivyoonyesha.

"Ndege."

"Ndege gani?"

"Ameruka."

Serahangi alitazama juu, akatazama kamera, akasema, "Bahari hii haina ndege wengi," kisha akaenda zake.

Kesho yake asubuhi alipotoka kuoga, kamera ilikuwa sakafuni, imepasuka kioo, kadi yake haimo. Kifaa cha mawasiliano, alichokuwa amekitundika kwenye msumari juu ya kitanda, hakikuwepo. Alipekua godoro, begi, buti. Alipekua tena palepale alipokwisha pekua, kama watu wafanyavyo wakiwa hawataki kuamini macho yao.

Saa sita mchana meli ilizima injini. Serahangi akagonga, na kabla hajajibiwa akafungua, meza ikasukumwa kwa mkono mmoja kama karatasi.

"Nahodha anasema ubaki humu kwa muda. Kuna kazi ya vyuma vizito. Ni kwa usalama wako."

Kupitia dirisha la duara aliona ukuta wa meli nyingine ukija ubavuni, mkubwa, mweusi, wenye kiraka cha rangi mpya pale jina linapokaa. Winchi zikaanza kulia. Jodari walipita hewani ndani ya nyavu za kubebea, wamekakamaa kwa barafu, mzigo baada ya mzigo. Baada yao yakaja magunia. Moja lilipasuka kona, na vipande vyeusi vya pembetatu vikamwagika sitahani. Mapezi ya papa. Katika fomu zake zote za siku kumi alikuwa ameandika papa saba tu.

Hakuwa na karatasi mkononi, na aliogopa kuandika. Akafanya alichofanya sokoni siku za msongamano: akahesabu kwa vidole, kila gunia kidole, kila mikono miwili ikitimia anauma ulimi kidogo. Magunia yalikuwa arobaini na sita. Aliporudia idadi hiyo kichwani, sauti yake mwenyewe ilimtisha, kana kwamba kuna mtu anaweza kuisikia kupitia ukuta.

Alasiri Mpole alimwita chumbani kwake kunywa chai. Chumba kilikuwa safi, kitambaa mezani, vikombe viwili. Juu ya kitambaa kulikuwa na fomu ya safari, imejazwa tayari kwa mwandiko wa kupendeza.

"Kunywa, mama. Umechoka." Nahodha alimtilia sukari mwenyewe. "Mimi sikukatazi kuandika. Kuandika ndiyo kazi yako. Nilitaka tu tuandike pamoja."

Mizani aliitazama fomu. Jodari wachache. Papa saba. Kuhamisha samaki: hakuna. Hitilafu ya vifaa: hakuna.

"Mwenzako aliyepita alikuwa kijana mzuri sana," Mpole akaendelea, kwa sauti ileile ya kubembeleza mtoto. "Tatizo lake moja, alikuwa anateleza. Sitaha ina maji, unajua, na damu ya samaki. Nilimwambia, mwanangu, angalia unapokanyaga. Wewe una watoto wangapi?"

"Wawili."

"Mungu akukuzie."

Mizani akasaini. Baadaye, kila aliposimulia, hapa ndipo aliposimama kidogo na kutazama chini. Alisaini herufi zote, hata mkia wa mwisho aliokuwa anapenda kuuzungusha, na chai akaimaliza, kwa sababu aliogopa kuiacha.

Alipotoka alijipa moyo kwa jambo moja. Kifaa hakipo, leo saa kumi neno halitafika, kesho ofisi itaamuru meli irudi. Alikuwa na siku moja tu ya kuvumilia. Alijikaza usiku kucha huku akitazama buti zake mezani.

Siku iliyofuata, Alhamisi, ilipita bila amri yoyote. Saa kumi na moja jioni, akimenya vitunguu jikoni, alimuuliza mpishi kama amesikia habari za kurudi.

"Kurudi? Mbona bado. Kwani wewe hukuambiwa kitu kwenye kile kisimu chako?"

"Kimepotea."

Mpishi aliacha kukoroga. "Kimepotea wapi, dada? Si kiko kwenye chumba cha usukani? Leo nimepeleka kahawa nimemkuta serahangi anakibonyeza. Na jana hivyohivyo, saa kumi kamili. Nilidhani wewe ndiye umemtuma."

Kisu kilimponyoka Mizani. Kwa hiyo neno lilikuwa linafika. Kila siku, kwa wakati, ofisini kunaonekana: salama. Wangeweza kumtupa leo, na kesho saa kumi angekuwa salama. Na keshokutwa. Angekuwa salama mpaka wachague siku ya kusema ameteleza.

Alishikilia ukingo wa meza. Mpishi alimtazama usoni, akaokota kisu, akakiweka mbele yake.

Alikaa pale mpaka vitunguu vikaisha, akiwaza. Akilia, hakuna wa kumsikia. Akigombana, wao ni wengi. Alichokuwa nacho ni kile kile alichokuwa nacho sokoni: vipimo. Na kesho ilikuwa Ijumaa.

Alimkuta Mpole mlangoni mwa chumba cha usukani.

"Nahodha, najua mnatuma neno kwa niaba yangu," akasema. Hofu hakuhitaji kuiigiza. "Sina ubishi. Nataka kufika nyumbani kwa wanangu. Ila kesho ni Ijumaa. Ijumaa neno peke yake halitoshi, wanataka na vipimo vya wiki. Visipofika wataanza kuuliza, na mimi sitaki waulize."

Mpole aliangalia kama koridoni kuna mtu. Kisha akachukua kifaa mfukoni, akasogeza skrini kwa kidole, akafika kwenye ujumbe wa Ijumaa iliyopita. Akausoma. Akatikisa kichwa polepole kukubali.

"Una akili, mama. Njoo kesho saa kumi, utamtajia serahangi aandike."

Usiku ule Mizani hakulala. Alirudia namba zake mpaka zikapoteza maana. Alijua kwamba ujumbe wa wiki iliyopita uko mle mle, unasomeka: jodari, urefu mia na hamsini na nane, uzito sabini na moja. Mtu yeyote mwenye subira angelinganisha.

Ijumaa saa kumi, serahangi alikaa kwenye kiti kirefu, kifaa kimemezwa na kiganja chake. Mpole alisimama dirishani, amewapa mgongo.

"Nduaro, sita," Mizani akaanza. "Urefu mia mbili na kumi. Uzito hamsini na tano."

Kidole kinene kikabonyeza.

"Papa, wawili. Urefu mia na arobaini. Uzito kumi na tisa."

"Endelea."

"Jodari, thelathini na nane. Urefu sitini. Uzito themanini."

Kidole kikasimama. Injini ilinguruma chini ya miguu yao. Serahangi aliinua uso.

"Sitini? Au mia na sitini?"

Jodari wa sentimita sitini anabebwa na mtoto kwa mkono mmoja. Hafiki hata kilo sita. Baharia yeyote akifikiri kidogo anajua.

"Sitini," akasema. "Wiki hii nimepima kutoka mdomoni mpaka pezi la mgongo, siyo mpaka mkia. Ndivyo wanavyotaka wiki ya pili."

Ulikuwa uongo mtupu. Hakuna wiki ya pili, hakuna kanuni kama hiyo. Mpole aligeuka kutoka dirishani. Alimtazama Mizani, akatazama kifaa, akamtazama tena, na Mizani akaangalia sakafu kama mtu aliyekwisha vunjika, kwa sababu kweli alikuwa karibu kuvunjika.

"Andika anavyosema," Mpole akasema. "Yeye ndiye mtaalamu."

Kidole kikabonyeza. Kifaa kikatoa mlio mdogo wa kwamba ujumbe umeondoka.

Baada ya hapo hofu iligeuka, ikawa ya namna nyingine. Mwanzo aliogopa kwamba hakuna ajuaye. Sasa aliogopa kwamba Shangazi hatasoma, au atasoma na kudhani ni kosa la kidole. Akaogopa pia kwamba atasoma na kutuma ujumbe wa kuuliza, *Mizani, jodari gani hawa?* na ujumbe huo utamfikia serahangi.

Jumamosi asubuhi redio ikaita. Meli tatu zilitajwa kwa namba, yao ikiwa ya pili: zirudi bandarini ndani ya saa arobaini na nane kwa ukaguzi wa leseni. Mabaharia walinung'unika. Mpole alisikiliza mpaka mwisho, akajibu kwamba amesikia, akaamuru mishipi ivutwe. Saa moja baadaye mpishi alikuta sufuria yake nje ya mlango wa jikoni, ina mikwaruzo kuzunguka ukingo. Hakumuuliza mtu. Aliiosha mara mbili.

Siku mbili za kurudi zilikuwa ndefu kuliko zile kumi na mbili. Mizani hakutoka jikoni ila kwenda msalani, na akienda msalani mpishi husimama koridoni akijifanya anafagia. Jumapili alasiri serahangi alitokea mlangoni.

"Mama, nahodha anakuita shetri. Kuna papa mkubwa amenasa kwenye mshipi wa mwisho, uje umpime."

Shetri, nyuma kabisa ya meli, hakukuwa na chumba wala dirisha. Kulikuwa na ukingo wa chini na maji.

"Kupima kumesimama," Mizani akasema. "Meli inarudi."

"Ni papa mmoja tu."

Mpishi hakugeuka. Aliendelea kukata nyama kwa kisu chake kirefu, ila akakata polepole zaidi. "Dada hawezi kutoka. Nimempa kazi, na chakula cha watu ishirini na wawili kinamsubiri yeye. Huyo papa mwambie asubiri."

Serahangi alisimama pale, mikono imeshika fremu ya mlango huku na huku. Baharia mmoja akaja kuomba maji ya moto, mwingine akaja nyuma yake kuulizia mkate. Serahangi akatabasamu, akaondoka. Kama kulikuwa na papa shetri au hakukuwepo, Mizani hajui hadi leo.

Walifunga gati Jumatatu saa tatu asubuhi. Chini walisimama wakaguzi, polisi wa bandari sita, na Shangazi na miwani yake kichwani. Kanuni inasema mwangalizi anashuka kwanza, kabla ya mtu yeyote kuulizwa chochote. Mpole alimsindikiza hadi ngazini, akasema karibu na sikio lake, "Fomu ina sahihi yako, mama." Mizani alishuka ngazi akiwa ameshika kamba kwa mikono miwili. Shangazi hakumsalimia. Alimshika mkono juu ya kiwiko, akasema, "Hapa usiseme neno," akamwingiza garini na kufunga milango yote.

Ndani ya gari ndipo Shangazi alipoanza kuzungumza.

"Niliposoma nilicheka," akasema. "Nikawaambia vijana, Mizani amezeeka, tazameni jodari mfupi mwenye kilo themanini. Tukacheka wote. Halafu nikakumbuka ni nani aliyeandika, chai ikanipalia. Nikatazama meli ilipo, nikaona alama yake ya mwisho haijasogea tangu Jumanne, kama nyumba. Kijana wa zamu alidhani mtandao unasumbua." Alifuta macho kwa kiganja. "Siku nne, dada yangu. Tulikuwa tunaangalia tu."

"Mbona mliita meli tatu?"

"Ningeita moja, ungefika?"

Mizani alifungua mlango wa gari, akainama, akatapika kwenye lami.

Mahojiano yalikwenda kwa wiki nyingi, katika chumba chenye feni inayolia na viti vya plastiki. Kwenye maghala ya meli hawakukuta ajabu. Kila kitu cha kukamatwa kilikuwa kimekwisha hama. Wakili wa kampuni yenye meli alikuwa na fomu mkononi.

"Sahihi hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Ulishikiwa kisu?"

"Hapana. Nilipewa chai."

Watu wachache walicheka, na wakili akawaacha wacheke, kwa sababu kicheko kile kilimfaa. Mizani alirudi nyumbani siku hiyo akiamini kwamba amejitia hatarini bure. Aliacha kupokea simu za namba asizozijua. Akawakataza wasichana wake kurudi shule kwa njia ya mkato. Mumewe alihamishia mashine ya kuchomelea nyuma ya nyumba ili awe karibu, na hakutaja tena mambo ya bwawa.

Wiki iliyofuata kijana mmoja mwembamba aliingia akakaa viti vya nyuma, na jina la meli lilipotajwa akainua mkono. Alikuwa mwangalizi aliyeacha kazi. Alieleza kwamba asubuhi moja serahangi alimshika mkanda wa suruali, akamninginiza nje ya ukingo, kisha akamrudisha akicheka, akasema ni mzaha. Alisimulia akiwa amejishikilia mkanda.

Lakini kilichokata maneno kilitoka mbali. Nchi zilizowekeana mkataba hupashana habari za meli zinazoshukiwa, na miezi mitatu baadaye ile meli nyeusi yenye kiraka cha rangi iliingia bandari ya nchi nyingine, ikakaguliwa. Taarifa ilipofika, Shangazi aliisoma kwa sauti chumbani mle. Jodari tani kadhaa zisizo na vyeti. Mapezi ya papa, magunia arobaini na sita. Karani akarudisha kurasa za nyuma mpaka maelezo ya siku ya kwanza ya Mizani, akaisoma namba ile ile. Wakili alikunja fomu yake, akaitia kwenye mkoba.

Meli ilinyang'anywa leseni. Mpole alihukumiwa, na mpaka siku ya hukumu hakupaza sauti. Kanuni zikaongezwa kipengele: waangalizi waende wawili wawili, na neno la kila siku libadilike, walijue wao na ofisi tu. Serahangi alikana yote. Hakukuwa na shahidi wa papa wa shetri, na mzaha wa mkanda ulikuwa neno la mtu mmoja dhidi ya mwenzake. Akaachiwa.

Mizani alijaribu kurudi baharini mara moja. Alipanda ngazi hadi katikati, mwenzake akiwa mbele yake, akasimama, akashuka. Shangazi hakumlaumu. Alimpa kazi ya ukaguzi wa gatini: meli zikifika anapanda na wenzake wawili, wanafungua maghala, wanapima, wanashuka kabla ya jua kuzama.

Mwaka mmoja baadaye, akitoka dukani na mfuko wa unga, mtu alimsalimia kutoka upande wa pili wa barabara.

"Habari za nchi kavu, mama?"

Alikuwa serahangi, amevaa shati safi, amebeba mkate. Hakusogea. Alisubiri jibu tu, kama jirani yeyote.

"Nzuri," Mizani akasema.

Aliendelea kutembea kwa mwendo ule ule, na alipozinduka alikuwa amepita mtaa wake kwa mitaa miwili. Aligeuka, akazunguka kwa njia nyingine, akafika nyumbani na kumweleza mumewe, na kesho yake asubuhi akamweleza Shangazi, ambaye aliandika tarehe na saa kwenye faili. Siku hiyo meli mbili zilikuwa zimefunga gati. Mizani alivaa buti, akachukua kipimo, akapanda ya kwanza. Mpaka saa nne alikuwa akigeuka kila hatua iliposikika nyuma yake, kisha akawa anageuka mara chache zaidi, na kazi ikaendelea.